Muhuri Niliokupigia kwa Simu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, goti limetulia, na shemeji hatimaye amekubali kuvaa kile kifaa chake cha masikio badala ya kukiacha kwenye glasi pamoja na meno. Wapwa zangu hawajambo? Yule mkubwa bado anasomea umeme, au ameshabadilisha tena? Mwambie mjomba wake anasema fundi anayebadili ufundi kila mwaka huishia kugombea ubunge. Sisi huku ni wazima, kwa maana ambayo watu huitumia wakisema ni wazima, na neno hilo nitalirudia mbele kidogo. Wifi yako anakusalimu sana. Bado anafundisha hesabu darasa la sita, bado anasahihisha madaftari kwenye meza ya kulia, na bado ananisuta kwa ule mfereji wa paa ambao niliapa mbele yako kwamba ningeutengeneza kabla ya mvua. Mvua zimekuja mara mbili na kuondoka. Mfereji upo palepale, umeinama kidogo zaidi.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kitako kuandika wakati simu ninayo mfukoni. Dada, wewe unanijua. Kwenye simu mimi ni mtu wa mzaha. Nikisikia tu sauti yako naanza kuchekesha, na la maana linapotelea humohumo. Jumapili iliyopita uliniuliza swali, nikacheka, nikasema nitakupigia baadaye. Sikukupigia. Ulisema kliniki ya huko kwenu imekutumia karatasi ya kukuita ukapimwe sukari upya, Jumatano ya tarehe kumi na nane, asubuhi kabla ya kula. Ukaniuliza uende au usiende, kwa kuwa mwaka jana mimi mwenyewe nilikwambia uko sawa. Halafu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, ukaongeza kwamba siku hizi kiu haikuishi hata unywe maji kiasi gani, na kwamba umebadilisha miwani mara mbili tangu mwaka uanze.

Maneno hayo nimekaa nayo wiki nzima. Jibu lako limo humu, lakini ni refu, na kuna mahali utatamani mkono wako ungekuwa mrefu wa kuvuka mpaka unizabe kofi. Ukifika hapo, tafadhali endelea kusoma.

Nianze na mwaka jana. Walikuja wauguzi pale kiwandani kwenu mnakoshona sare, wakawapima wote kabla ya chai ya asubuhi, na wewe ukapata mia moja na sita. Wakakwambia umeanza kuelekea kwenye kisukari, kile cha aina ya pili kinachowapata watu wazima. Wakakupa kijitabu chenye picha za mboga, wakakuagiza utembee nusu saa kila siku na urudi kliniki kila baada ya miezi sita. Ukanipigia umetaharuki. Mimi nikashangaa hiyo mia moja na sita imetoka wapi, maana huku kwetu sukari ya damu husemwa tano, sita, saba, na mtu mwenye mia angekuwa ameshazikwa. Nikauliza, nikaambiwa kwamba kwenu wanapima uzito wa sukari kwa miligramu na kwetu wanahesabu chembechembe zake kwa kipimo kingine, na kwamba ukitaka kuhama kutoka kwenu kuja kwetu unagawanya kwa kumi na nane. Nikagawanya. Ikatoka tano nukta tisa, pungufu ya nukta ndogo tu. Nikaenda kusoma bango la ukutani kwenye kliniki ya mtaani kwetu: hatari inaanzia sita nukta moja.

Nikakupigia nikiwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. Nikakwambia kwamba kwenu wameweka mstari wao chini mno, kwenye tano nukta sita, na ndiyo maana umeingia. Kwamba kwetu hapa wewe ni mzima kabisa. Kwamba ugonjwa wako unaishia mpakani, ukigongewa muhuri wa kuingia tu umepona. Nikasema dawa ya kisukari ni pasipoti. Ulicheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini. Utani ule ukauvalia njuga, ukawahadithia mafundi wenzako wote, na vile viatu vya kutembelea ukampa binti yako. Kliniki hukurudi tena.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, dada. Nataka ulijue hilo kwanza, maana nina kiburi na hesabu zangu.

Sasa kuhusu kazi yangu, ambayo mpaka leo unawaambia watu kwamba ni kuuza mizani. Siuzi mizani, nakagua. Ninalo sanduku la mbao lenye kitambaa laini ndani, na humo mna mawe yangu ya shaba, kuanzia la kilo tano hadi kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele. Siyashiki kwa mkono mtupu kwa sababu jasho la kidole lina uzito. Naingia dukani, naweka jiwe juu ya mizani ya muuzaji, natazama mshale. Ikipungua au ikizidi ndani ya kosa dogo linaloruhusiwa na sheria, naigonga muhuri. Ikitoka nje ya hapo, nabandika kibandiko chekundu na mizani hiyo hairuhusiwi kupima hata kitunguu mpaka fundi aitengeneze na mimi niipime tena. Hata mawe yangu mwenyewe hupelekwa makao makuu kila mwaka yalinganishwe na mawe makubwa zaidi. Hakuna anayeaminiwa kwa sura.

Na kuna kanuni moja ambayo tulifundishwa siku ya kwanza, kabla hata hatujaonyeshwa jiwe: mkaguzi hakagui mizani ya ndugu yake. Unakumbuka baba mdogo alipofungua duka la misumari? Ilibidi nimwite mkaguzi wa wilaya nyingine, na baba mdogo akaninunia mwaka mzima akidhani namdharau. Sikuwa namdharau. Jicho linalompenda mtu huona mshale umesimama katikati hata kama umelala.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa wakaguzi wa nchi mbili, yangu na hiyo yenu, kwenye ukumbi wa forodha pale mpakani. Shughuli ilikuwa kukubaliana kuhusu mifuko ya saruji: gari likipimwa upande huu na kupitishwa, lisisimamishwe upande ule na kupimwa upya. Siku mbili tulibishana juu ya kosa linaloruhusiwa kwenye mfuko wa kilo hamsini. Upande wenu waliongozwa na mama mmoja mrefu ambaye wenzake wanamwita Gramu, kwa sababu hajawahi kusamehe hata gramu moja. Anaishi mji mmoja na wewe, na ndiye aliyekuletea barua hii, maana wiki hii alivuka tena kwa ajili ya saruji hiyohiyo. Usimchukulie kwa uso wake. Akikaa anacheka vizuri.

Siku ya tatu waandaaji walituambia tuje bila kunywa chai, kwa kuwa watu wa afya wa pande zote mbili wameweka meza zao ukumbini na atakayependa apimwe sukari na presha. Meza ya kwenu ilikuwa kushoto na ya kwetu kulia, hatua kumi kati yake. Gramu, kwa ukaguzi wake, hakuridhika na meza moja. Alichomwa kidole kushoto, akaambiwa mia moja na nane, yuko kwenye njia ya hatari, akapewa kijitabu chenye picha za mboga. Akavuka hatua kumi, akachomwa kidole kulia, akaambiwa sita kamili, hongera mama, uko sawa. Akagawanya palepale kwa kalamu kwenye kiganja. Mia moja na nane kwa kumi na nane ni sita. Damu ileile, mama yuleyule, asubuhi ileile, na hukumu mbili.

Dada, laiti ungemwona! Alisimama katikati ya ukumbi na kijitabu mkono mmoja na hongera mkono mwingine, akatangaza kwa sauti kwamba nchi mbili hazijamaliza kukubaliana kuhusu saruji kumbe hata kuhusu damu hazijakubaliana. Mimi nikafurahi kupita kiasi. Nilijiambia, hili ndilo jambo la dada yangu, na leo nitalijua mpaka mzizi. Mimi pia nilitoa kidole, kushoto na kulia. Matokeo yangu nitakuambia yakifika zamu yake.

Basi tukawavuta pembeni watu wawili, daktari mmoja mpole wa upande wetu na mama wa maabara wa upande wenu, tukawahoji kama wenye maduka. Nani ameuchora mstari huu? Kwa jiwe gani? Na kwa nini jiwe lenu si sawa na lao? Daktari alianza kwa kutusikitisha: akasema vile vimashine vya kidole ni vya kubishia hodi tu, jibu lenyewe linatoka kwenye damu ya mshipani iliyopimwa maabara. Halafu akasema ule mstari mkubwa, wa kuitwa mgonjwa wa kisukari, nchi nyingi zimekubaliana: saba kabla ya kula, ambayo kwenu ni mia moja ishirini na sita. Nikauliza kwa nini saba, kwa nini si sita na nusu au nane. Akasema wataalamu walitazama macho ya watu maelfu, vile vimishipa vidogo vilivyo nyuma ya jicho, wakaona kwamba kuanzia maeneo hayo ndipo vinapoanza kuharibika kwa wingi. Mstari uliwekwa kwa kuangalia macho. Hapo niliikumbuka miwani yako, na najua wewe pia umeikumbuka.

Ugomvi, alisema, uko kwenye mstari mdogo, wa kumwonya mtu kabla hajafika. Mama wa maabara ndiye aliyenifungulia hilo. Alisema sukari ya damu haipandi kwa ngazi, inapanda kama barabara ya mlima, na hakuna mahali palipoandikwa hatari inaanza hapa. Ukimweka mlinzi chini kabisa, atawasimamisha watu wengi, na baadhi yao wasingefika juu maisha yao yote. Umewatia hofu bure na foleni kliniki imekuwa ndefu. Ukimweka juu, foleni inapungua lakini wapo watakaompita wakiwa tayari wanateleza. Wataalamu wa nchi yenu waliutazama mlima uleule ambao wa kwetu waliutazama, na kila upande ukamweka mlinzi wake pale ulipoona panafaa. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea hesabu.

Nilitamani nimwajiri idarani kwetu. Na hakuishia hapo. Akasema kuna nchi zinazotegemea zaidi kipimo kingine, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, nacho kina mistari yake na ubishi wake, na kinaweza kudanganya kwa mtu aliyepungukiwa damu. Kuna wanaokunywesha maji ya sukari na kukungoja saa mbili. Kuna wanaotaka vipimo viwili vya aina mbili vikubaliane siku moja. Na karibu kote, kama huna kiu wala dalili nyingine, kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa. Ni lazima urudi siku nyingine upimwe tena.

Gramu akauliza swali ambalo wewe ungeuliza: kwa hiyo mimi ni mgonjwa au si mgonjwa? Mama wa maabara naye akamuuliza mwaka jana alipata ngapi. Tisini na tisa. Na mwaka juzi? Tisini na moja. Basi, akasema, acha kuangalia mlinzi amesimama wapi, angalia wewe unaelekea wapi. Gramu akakitia kile kijitabu mkobani bila kukibishia, jambo ambalo wenzake walisema hawajaliona tangu aajiriwe.

Nikarudi nyumbani na moto mpya. Siku zilizofuata, kila nikipata nafasi kazini, nilisoma miongozo ya madaktari wa nchi hii na ile, nikachora jedwali kwenye daftari la ukaguzi: nchi, kipimo, mstari mdogo, mstari mkubwa, idadi ya kurudia. Nilifikisha nchi tisa. Wifi yako alilikuta daftari mezani akidhani ni la mwanafunzi. Akalisoma lote. Akasema jambo hili yeye analijua tangu zamani: shule moja alama ya kufaulu ni arobaini, nyingine ni hamsini, na mtoto aliyepata arobaini na tano akihamishiwa shule ya kwanza anashangilia kana kwamba amejifunza kitu njiani. Nikacheka sana. Yeye hakucheka. Akaniuliza kwa utaratibu, kalamu nyekundu bado iko mkononi, kwa nini mtu ambaye ni mzima ana haraka hivi ya kutafuta nchi.

Dada, hapa ndipo mahali pa kofi.

Mwaka jana, siku kumi na moja kabla hujanipigia kuhusu ile mia moja na sita, mimi nilikuwa nimeshapimwa. Ulikuwa uchunguzi wa kawaida wa watumishi, damu ya mshipani, kabla ya kula. Nilipata saba nukta moja. Daktari akasema sina dalili, kwa hiyo hawezi kuniita mgonjwa kwa kipimo kimoja, nirudi ndani ya wiki moja nipimwe tena. Nikamwambia sawa daktari. Nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi za kliniki, nikafanya kitu ambacho ni mkaguzi wa mizani peke yake angekifanya: nikaipa damu yangu kosa linaloruhusiwa. Nilijiambia hakuna mashine isiyo na kosa, toa hilo kosa kwenye saba nukta moja, unabaki sita nukta tisa, umepita. Nikajigonga muhuri. Karatasi nikaitia kwenye droo, chini ya leseni ya udereva, na sikurudi.

Unajua kosa la mizani huenda pande zote mbili. Saba nukta moja ingeweza kuwa saba nukta tatu vilevile. Muuza duka angeniletea hoja ya aina ile, ya kuchukua upande wa kosa unaomfaa na kuuacha usiomfaa, ningembandika nyekundu kabla hajamaliza kusema. Lakini kinyozi hajinyoi.

Kisha ukanipigia. Ukasema mia moja na sita, nikagawanya, nikaona tano nukta tisa, na kitu cha kwanza kilichonipitia kichwani hakikuwa wewe. Niliwaza: kama huyu mwenye tano nukta tisa anaitwa yuko njiani, mimi wa saba nukta moja niko wapi? Nilihitaji uwe mzima, dada. Nilihitaji ule mstari ukae mbali sana na wewe ili usinikaribie mimi. Ndiyo maana nikakimbilia lile bango, ndiyo maana nikatunga ule utani wa pasipoti. Nilikagua mizani ya ndugu yangu, nikiwa na sababu yangu mfukoni, na nikaigonga muhuri kwa simu. Wewe ukanisadiki kwa sababu mimi ni mtu wa vipimo.

Zamu ya matokeo yangu imefika. Pale ukumbini, kushoto nilipata mia moja hamsini na moja, kulia nane nukta tatu. Meza zote mbili zilinitazama kwa uso mmoja. Nilirudi huku nikaenda kliniki, damu ya mshipani, nane nukta moja. Nikarudi siku nyingine, nane nukta nne, na kile kipimo cha miezi mitatu nacho kikasema hivyohivyo. Nilifungua daftari langu la nchi tisa. Hakuna hata moja iliyonipokea. Wifi yako nilimwambia siku ileile aliponiuliza. Hakunifokea. Alichukua kopo la sukari mezani akaliweka juu ya kabati, akafunga madaftari ya wanafunzi, kisha akaniuliza swali moja tu, kama nimeshamwambia dada yangu.

Nilikuwa sijakwambia. Kila nikishika simu ulikuwa unacheka kabla yangu.

Nimekuwa nikimfikiria mama. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili ulipowaona sisimizi wamejipanga kwenye sakafu ya choo, kila siku baada ya yeye kutoka. Ulimwambia mbele ya wageni kwamba mkojo wake una sukari, akakuzaba kofi kwa utovu wa adabu, na baba akacheka. Hakuna aliyempima. Miaka sita baadaye alikuwa anatafuta uzi wa sindano kwa kupapasa, na wewe ndiye uliyekuwa unamtungia. Kwa hiyo usiniambie hujui kiu na miwani vinasema nini. Katika familia hii wewe ndiye mkaguzi wa kwanza. Uliona bila mizani wala jiwe, ukasema ukweli, ukapigwa. Mimi nina sanduku zima la shaba na nimekudanganya.

Sasa jibu la swali lako. Usiende Jumatano ya tarehe kumi na nane. Nenda kesho. Nimemuuliza daktari wangu bila kutaja jina lako, akasema mtu mwenye kiu ya namna hiyo na macho yanayobadilika hangoji tarehe ya karatasi, anaenda kliniki hata leo na kueleza dalili zake, na hapo hakuna cha mstari wa nchi hii wala ile. Ile tano nukta tisa isahau kabisa, ilikuwa ya mwaka jana, na mizani iliyopimwa mwaka jana haina muhuri mwaka huu. Waambie wayatazame macho pia. Gramu amekubali kukusindikiza, yeye mwenyewe ana zamu yake ya kupimwa, na ameniapia kwamba hatanywa chai mpaka wewe uwe umechomwa sindano. Huyo ukimwona tena mlangoni kesho usijaribu kubishana naye. Watu wa saruji wamejaribu.

Na tafadhali usiogope kama nilivyoogopa. Mimi nimepewa vidonge, natembea kila asubuhi mpaka kituo cha mafuta na kurudi, na chai isiyo na sukari, amini usiamini, wiki ya pili mtu anaanza kusikia ladha ya majani. Mizani tunayoikataa hatuitupi. Inakwenda kwa fundi, inarudi, inafanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ileile. Ninachokiogopa ni kimoja tu, kwamba mwaka mzima uliopotea umepotea kwa sababu yangu, na kwamba macho yako ndiyo yatakayoulipia. Kama ni hivyo sijui nitakwambia nini. Nisamehe, dada. Kama huwezi sasa, nenda kwanza kliniki, kunisamehe kutasubiri.

Wasalimie wote. Mwambie binti yako akurudishie vile viatu, mjomba atamnunulia vingine. Wifi yako anasema atakupigia Ijumaa, na kwamba yeye hatakuwa na mzaha. Mfereji wa paa nitautengeneza wiki hii, safari hii siapi.

Ndani ya bahasha utakuta kibandiko chekundu, cha kweli, kutoka kwenye kitabu changu cha kazini. Kimeandikwa KISITUMIKE MPAKA KIPIMWE UPYA. Ningependa ukibandike juu ya maneno niliyokwambia mwaka jana, lakini maneno hayabandikiki, basi kibandike kwenye kopo la sukari. Sheria inanitaka nijaze kwa mkono jina la kifaa kilichokataliwa, halafu nitie sahihi. Nimejaza. Kwenye mstari wa kifaa nimeandika: mkaguzi.

Mdogo wako akupendaye,

Kadogo